Naomba ushauri: TV ya sebuleni inchi 43, Full HD inatosha au nijibane nichukue 4K?

KibadaMpya

Habari za jioni wakuu. Nimehamia kwangu huku Kigamboni, TV niliyonayo ni ile ya inchi 24 niliyotoka nayo geto, sasa sebule ya huku ni kubwa na wife kashaisema vya kutosha, eti imekaa ukutani kama kalenda. Bajeti yangu laki nane, nikijikaza sana laki tisa.

Jumamosi nimezunguka Kariakoo nimetoka kichwa kinauma. Huyu anasema chukua 4K, Full HD imepitwa na wakati, yule anasema QLED, mwingine ananionyesha dabo glasi anagonga kioo kwa ngumi kabisa ili nione haivunjiki, mwingine ananiambia HDR, mwingine Hz 120, na bei zinapishana kwa laki mbili laki tatu kwa TV ambazo mimi kwa macho yangu naona zote zilezile tu.

Matumizi yetu ni mpira (mimi huyo), tamthilia za king'amuzi (wife na mdogo wake), katuni za YouTube kwa watoto wawili, na muvi za flashi. Intaneti ya waya sina, nawasha hotspoti kwenye simu. Kutoka kochi mpaka ukuta wa TV ni mita 3 kasoro kidogo, na kuna dirisha kubwa upande wa kulia, mchana jua linaingia lote.

Sasa hizi HD, Full HD, 4K tofauti yake nitaiona kweli au nanunua maandishi ya kwenye boksi? Msinicheke jamani.

---

Chaurembo

Chukua 4K mkuu, AFCON 2027 inachezwa hapa hapa kwetu na Kenya na Uganda, utaiangalia kwenye kioo cha mwaka gani wewe

---

PimaKwanza

@Chaurembo punguza mzuka, mtu ana laki nane.

Mkuu KibadaMpya umefanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi, umetaja umbali wa kochi. Nusu ya jibu lako iko hapo.

Nianze na zile namba. Picha ya TV ni vidoti vidogo vidogo, pikseli. HD ya kawaida, wanayoiita HD Ready, ni 1280 kwa 720, jumla laki tisa na kitu (TV nyingi za inchi 32 kioo chake ni 1366 kwa 768, ni familia hiyo hiyo). Full HD ni 1920 kwa 1080, pikseli milioni 2 na kidogo. 4K ni 3840 kwa 2160, milioni 8 na ushee, yani Full HD nne ukizipanga mbili juu mbili chini. Mpaka hapo muuzaji hajakudanganya, 4K ina vidoti vingi mara nne.

Kinachofichwa ni kwamba jicho lina mwisho wake. Mtu mwenye macho mazuri anaweza kutenganisha vitu viwili kama vinapishana kwa dakika moja ya nyuzi (nyuzi moja ukiigawa mara 60), chini ya hapo vinaungana anaona kitu kimoja. Nimepiga hesabu ya inchi 43: upana wa kioo ni sentimita 95 hivi, ukigawa kwa 1920 kila kidoti kina nusu milimita. Kidoti cha nusu milimita ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 huwezi kukitenganisha tena na jirani yake. Wewe unakaa karibu mita 3. Maana yake hata hiyo Full HD hutaimaliza, sembuse 4K. Na nikikuambia kwamba kwa inchi 43 kwenye mita 3 hata 720 na 1080 utapata shida kuzitofautisha utanichukia, ila ndo hesabu ilivyo, mpaka wake ni kama mita 2.5.

Kwa inchi 55 Full HD inaanza kuonyesha vidoti ukisogea karibu zaidi ya mita 2.2. Bado wewe uko nyuma ya hapo.

Kwa hiyo kwa sebule yako kitu utakachokiona siku ya kwanza ni UKUBWA, sio idadi ya pikseli. Mwanzo wa wiki utaona inchi 43 ni kubwa, mwisho wa wiki umeshaizoea. Wale wa sinema wanapenda kioo kijaze kama nyuzi 30 za macho yako, na kwa mita 3 hiyo inataka TV ya inchi 70 na zaidi, ambayo wote hapa hatununui leo, lakini inakuonyesha kwamba sisi tunanunua TV ndogo kuliko umbali tunaokaa. Nenda na tepu dukani. Inchi zinapimwa kona kwa kona na ni za kioo tu, fremu haihesabiwi, 43 ni sentimita 109. Ukipima ukapata 101 hiyo ni inchi 40, hata boksi liandikwe nini.

---

BintiPangani

Mimi naomba niongezee swali maana naona hapa pana wajuzi. Sisi tulinunua 4K inchi 50 mwaka jana, dukani ilikuwa inang'aa mpaka unataka kulia, maua, vipepeo, matone ya maji. Tumeifikisha nyumbani tumeunga king'amuzi, picha imekuwa na ukungu, nyuso za watu zimetanuka, yani mama mkwe akasema bora ile ya chogo. Tumebadilisha setingi zote. Shida ni TV au ni king'amuzi?

---

FundiGongolamboto

Dada BintiPangani kabla sijamjibu mwenye uzi naomba nikuulize, hiyo king'amuzi umeunga na waya gani? Ule wa rangi tatu, njano nyekundu nyeupe?

---

BintiPangani

Ndio huo huo, ulikuja na king'amuzi na ndo tulikuwa tunautumia kwenye ile TV ya zamani

---

FundiGongolamboto

Basi ugonjwa ushajulikana. Nikienda nyumba za watu kurekebisha "TV yenye ukungu", mara nyingi sana ni huo waya. Ule tunauita AV, unapitisha picha ya zamani ya SD tu, mistari 576, hauwezi kupitisha HD hata uombe dua. Una TV ya pikseli milioni 8 unailisha picha isiyofika hata nusu milioni, TV inabidi ijaze yenyewe vidoti vingine kwa kukisia, na ndo ukungu huo. TV ya chogo ilikuwa ndogo halafu ilitengenezwa kwa picha ya aina hiyo, kwa hiyo mama mkwe wala hajakosea, amekuambia ukweli.

Fanya hivi. Angalia nyuma ya king'amuzi kuna tundu la HDMI, nunua waya wa HDMI wa mita moja na nusu, usikubali kuuziwa wa bei kubwa eti una dhahabu, kwa urefu huo wa kawaida unafanya kazi ile ile. Ukishaunga, ingia kwenye menyu ya KING'AMUZI sio ya TV, tafuta sehemu ya video au rezolusheni ya kutoa picha, weka 1080i au 720p, vingi vinakuja vimewekwa 576. Hapo hapo kwenye umbo la picha weka 16:9. Nyuso zilizotanuka ni chaneli ya umbo la zamani la 4:3 inavutwa ijaze kioo, kwa chaneli hizo rimoti ya TV ina kitufe cha kurudisha umbo, utapata mistari myeusi pembeni lakini watu watakuwa watu. Kingine kwenye TV, toka kwenye picha ya "Vivid" au "Dynamic", hiyo ni ya kupigania wateja dukani, weka "Cinema" au "Movie", halafu "sharpness" ishushe mpaka karibu na mwisho. Siku mbili utaona imepoa sana, ya tatu hutaki kurudi.

Na ujue chaneli nyingine zenyewe hazirushwi HD. Hiyo hata HDMI haiisaidii.

Na yale maua na vipepeo ya dukani ni video maalumu ya 4K imewekwa kwenye flashi, hakuna king'amuzi kitakachokuletea hiyo. KibadaMpya na wewe sikia hapa: nenda dukani na flashi YAKO, weka kipande cha mpira na muvi moja ya kawaida unayoangalia kila siku, waambie wachomeke hiyo. Muuzaji akikataa hamia duka la jirani, Kariakoo yote hiyo.

---

KibadaMpya

Duh fundi asante sana, na mimi king'amuzi changu naunga na rangi tatu hizo hizo, naenda kuangalia sasa hivi.

So PimaKwanza unasema nichukue Full HD kubwa? Maana Jumamosi nimeona 43 za Full HD na 43 za 4K zinapishana kama laki moja na nusu hivi. Na dabo glasi vipi, nina watoto wawili, mmoja ana mkono mwepesi wa kurusha vitu.

---

PimaKwanza

Kwa picha peke yake ndio, hiyo laki na nusu iweke kwenye inchi au kwenye spika.

---

FundiGongolamboto

Hapo kidogo napishana na mkuu PimaKwanza. Hesabu yake ya macho ni sahihi sina ubishi, lakini anahesabu kama vile TV mbili zinatofautiana pikseli tu na vingine vyote viko sawa, na dukani haiko hivyo. Siku hizi kampuni nyingi kwa inchi 43 kwenda juu vitu vizuri wameviweka kwenye 4K: kioo chenye rangi nzuri, prosesa yenye nguvu ya kusafisha picha mbovu, ramu ya kutosha, HDMI 2.0. Full HD ya 43 iliyobaki sokoni mara nyingi ndo imetengenezwa kwa kubana kila kitu. Kwa hiyo unaweza ukanunua 4K ukafaidi, ila faida yenyewe haitoki kwenye hiyo 4K. Ndo maana nasema flashi mkononi, simama mita 3, linganisha mbili za bei unayoiweza, usisome boksi.

Sasa nipite kwenye yale maneno uliyoambiwa.

QLED. Hiyo ni LED ya kawaida imewekewa tabaka la kuongeza rangi, mwanga bado unatoka kwenye taa za nyuma. Usiichanganye na OLED, ambayo kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe, nyeusi inakuwa nyeusi ya kweli. OLED kwa laki tisa haipo, ukiionyeshwa mpya kwa bei hiyo kimbia. Na LED zenyewe ni LCD tu, wamebadilisha taa.

HDR. Hiyo ni picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. Kwenye TV za bei yetu ikiandikwa HDR maana yake inaipokea hiyo picha na kuisoma, sio kwamba inaweza kuionyesha. HDR inataka mwanga mkali, video nyingi zinatengenezwa kwa niti 1000 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), hizi za kwetu nyingi zinacheza kwenye 250 mpaka 300. Isikutoe hata shilingi.

Hz 120. Hiyo ni idadi ya mara kioo kinabadilisha picha kwa sekunde. Mpira wa king'amuzi huku kwetu unakuja kwa 50 kwa sekunde, kioo cha 60 kinautosha. 120 ya kweli inamfaa mwenye PlayStation 5, na ya kweli utaijua kwa bei. Zile "Motion 200" sijui "Clear 400" ni ujanja wa programu ndani, ndo huo unaofanya mchezaji anaonekana kama anateleza, ukikuta setingi yake izime.

Dabo glasi. Hii naielewa kwa mwenye watoto, ni kioo kigumu cha ziada mbele ya kioo chenyewe, rimoti ikirushwa kinaweza kukuokoa kweli. Na kioo cha TV kikivunjika habari imeisha, bei ya kioo kipya inakaribia TV nzima, mafundi wengi tutakuambia kanunue nyingine. Lakini gharama yake ni mbili. Ya kwanza uzito. Ya pili kwako ndo kubwa, umesema dirisha liko kulia na jua linaingia. Dabo glasi ni kioo cha kung'aa, mchana utajiona wewe, kochi na pazia. Mimi ningekushauri TV ya kioo cha kawaida kisichong'aa, uifunge ukutani juu ya mkono wa huyo mrusha vitu, na pazia zito kwenye dirisha. Ukiona watoto hawaaminiki kabisa basi dabo glasi, na TV isitazamane na dirisha.

Na jambo ambalo hakuna muuzaji atakuambia: kinachokufa zaidi kwenye hizi TV sio kioo, ni taa za nyuma. Dalili yake sauti ipo picha hakuna. Ukikuta hivyo washa tochi ya simu uimulike karibu na kioo kwa upembeni, ukiona picha kwa mbali kama kivuli, kioo kizima, taa ndo zimeungua, na hiyo inatengenezeka kwa hela ya kawaida. Zinaungua mapema kwa sababu TV inatoka kiwandani "backlight" iko 100 na watu wanaiacha hivyo hivyo miaka. Ishushe ikae 60 au 70, usiku hata 50. Umeme nao utapungua kidogo, ingawa inchi 43 haitishi, wati 70 mpaka 100, ukiangalia masaa 6 ni kama nusu uniti.

Usisahau TV guard. Sio ile soketi ya kawaida yenye taa nyekundu, guard yenyewe inayokata umeme ukizidi au ukishuka na inayosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi. Na radi ikianza chomoa plagi NA waya wa dishi, watu wanachomoa plagi tu wanasahau kwamba njia nyingine ni dishi.

---

mbongo_houston

Nimesoma uzi wote, wajuzi wako vizuri. Niongeze moja kwa sababu kila Desemba nasikia mtu anaweka TV kwenye kontena kutoka huku Marekani kwa vile Black Friday bei iko chini. Kaka, angalia stika nyuma sehemu ya INPUT. Ikiandikwa 100-240V sawa, ikiandikwa 120V peke yake ukiichomeka kwenye 230 ya huko ni moshi, au ununue transfoma. Za Japan zilizotumika ndo kabisa, kule umeme ni 100.

Hata ile inayokubali 230 ina mambo yake. Tyuna ya ndani, ile inayokamata chaneli za antena, ni ya mfumo wa Marekani, ATSC, huko Afrika Mashariki ni DVB-T2, kwa hiyo antena ya moja kwa moja sahau. Na baadhi ya TV za huku hazikubali picha ya 50Hz kwenye HDMI, umeunga king'amuzi vizuri kabisa TV inakuambia signali haitambuliki. Kwa Netflix na YouTube itafanya kazi, ila kwa mpira wa Azam unaweza ukajikuta unamtafuta mchawi. Zinazotoka Dubai umeme wake ni 220 mpaka 240 kama huko, kwa hilo hazina shida.

---

NyaliSpika

Hamjambo ndugu zangu wa bara Tanzania, mimi niko Mombasa. Kuna kitu hamjamwambia. Pale sebuleni mnakaaje? Kwetu sisi mmoja yuko kochi la mbele, wawili wako kando, watoto wako kwa mkeka chini, na mpira ukianza majirani wanajaa mpaka mlangoni. TV nyingine ukiitazama mbele iko sawa kabisa, ukienda kando rangi inapauka yote. Kuna paneli aina mbili, IPS na VA. IPS ukikaa kando rangi inabaki vile vile, lakini nyeusi yake ni kama kijivu ukizima taa. VA nyeusi yake ni nzito, usiku inapendeza sana, lakini wa kando ataona imepauka. Maduka hayaandiki hii kwa boksi. Wewe pale dukani tembea kando, chuchumaa chini kama mtoto, utaiona mwenyewe. Kwa mtu wa mpira na majirani mimi ningechukua IPS.

Na sauti! Runinga zote hizi nyembamba sauti yake ni kama ya redio ndogo. Weka pesa ya sabufa pembeni tangu mwanzo.

---

Chaurembo

Sabufa apewe onyo, Kigamboni kule nyumba zimebanana

---

dogo_wa_ai_ti

Wakuu naona smati hamjaigusa na ndo sehemu watu wanapigwa sana. Mwenye uzi katoto kako ka YouTube katakutesa ukikosea hapa.

Kuna TV zinaandikwa "Smart Android" alafu kuna Android TV au Google TV yenyewe. Hizi za kwanza nyingi wamechukua Android ya bure wakaipachika kwenye TV bila kibali cha Google, utakuta ikoni ya Netflix ipo lakini ni ya simu, unaiendesha na rimoti unahangaika na mshale kama wa kompyuta, na picha yake ikifunguka ni ya SD. Sababu ni leseni ya kulinda video inaitwa Widevine, iko L1 na L3, yenye L3 Netflix haiipi HD hata kama kioo ni 4K. Ukiwa dukani na intaneti weka programu ya DRM Info, itakuandikia L1 au L3 hapo hapo. Mifumo mingine halali ni Tizen ya Samsung, webOS ya LG, VIDAA ya Hisense, hizo hazina Play Store lakini YouTube na Netflix zinakimbia vizuri, nafasi ya kuchezea programu za ajabu ajabu ndo ndogo.

Sasa wewe unatumia hotspoti, na hapa ndo naungana na PimaKwanza kabisa. Netflix wenyewe wanashauri spidi ya Mbps 5 kwa Full HD na 15 kwa 4K, na saa moja ya HD inaweza kula mpaka GB 3, ya 4K mpaka GB 7. GB 7 KWA SAA kaka. Muvi moja ya masaa mawili bando la wiki limeondoka. Ukichukua 4K ingia kwenye YouTube ushushe ubora uwe 720, na katuni hazina shida hata 480, mtoto hajui. Usipofanya hivyo TV ikiona spidi inaruhusu itapandisha yenyewe na bando litaisha saa nne asubuhi.

Kwa muvi za flashi angalia TV inasoma H.265, wengine wanaandika HEVC. Muvi nyingi za siku hizi zimebanwa kwa hiyo, TV isiyosoma utapata sauti bila picha au "format not supported". Na flashi iliyoformatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, ukitaka muvi kubwa iformati exFAT au NTFS, lakini ulizia kwanza kama TV inaisoma. Zile muvi za kutafsiriwa za library ya mtaani wala usiulize HD, hizo zimebanwa mpaka zimelia, hakuna TV itakayozisafisha.

Mwisho, ukikuta TV yenye kioo kizuri lakini smati yake mbovu usiiache kwa hilo. Kistiki cha Google TV kinachomekwa kwenye HDMI unakibadilisha muda wowote. Kioo hubadilishi.

---

BintiPangani

Narudi kutoa shukrani. Tumebadilisha waya, king'amuzi kilikuwa kimewekwa 576 kama alivyosema fundi, tukaweka 1080i. Mama mkwe amekaa mpaka saa sita usiku leo hajasema kitu kuhusu chogo. Fundi Mungu akubariki.

Swali dogo, ile TV ina sehemu ya antena nyuma imeandikwa T2/S2, ina maana king'amuzi sikihitaji tena?

---

FundiGongolamboto

Amina dada.

T2 ni ya antena ya kawaida ya digitali, S2 ni ya dishi. TV ina king'amuzi ndani lakini hakina kadi, kwa hiyo kinafungua chaneli za bure tu, za kulipia bado unahitaji king'amuzi chako. Jaribu kuunga antena uscan uone unapata zipi, zikikutosha za habari basi siku kifurushi kikiisha hamlali gizani. Wenzangu mnakumbuka Dar walipozima analojia mwisho wa 2012, watu walinunua king'amuzi hata kwa TV ndogo ya jikoni, leo tyuna iko ndani ya TV na wengi hawajawahi hata kuiscan.

---

KibadaMpya

Wakuu nimewasoma wote. Mrejesho: leo nimerudi Kariakoo na flashi na tepu. Muuzaji wa kwanza kagoma kuchomeka flashi, wa pili kakubali. Nimesimama mita 3 nimeangalia mpira kwenye Full HD ya 43 na 4K ya 43, kwa pikseli sikuona tofauti, PimaKwanza umeshinda. Ila fundi naye kashinda, ile 4K rangi ya nyasi ilikuwa ya kweli zaidi na nikienda pembeni haipauki, ile Full HD pembeni nyuso zilikuwa kama za wagonjwa. Halafu nikaonyeshwa 50 ya 4K ya kampuni ile ile, toleo la nyuma kidogo, mfumo ni Google TV wenye kibali, L1, kioo haking'ai. Wanataka laki tisa na nusu, naona kwa tisa na ishirini watalainika. Nimewaambia narudi kesho.

Kabla sijarudi: niangalie nini wakiifungua boksi, na ukutani nafunga urefu gani? Ukuta ni tofali za kawaida.

---

dogo_wa_ai_ti

50 kwa mita 3 safi sana. Waambie wakuwekee picha nyeupe kioo kizima, alafu nyeusi, alafu nyekundu. Kwenye nyeupe tafuta kidoti kilichokufa na madoa ya kivuli, kwenye nyeusi tafuta mwanga unaovuja kwenye kona. Serial namba ya nyuma ya TV ifanane na ya kwenye boksi na kwenye kadi ya waranti. Risiti ya EFD dai, bila hiyo waranti ni karatasi tu.

---

FundiGongolamboto

Katikati ya kioo ilingane na macho yako ukiwa umekaa kwenye kochi, au juu kidogo kwa ajili ya yule mrusha vitu, lakini sio juu ya mlango kama saluni, shingo itauma. Angalia nyuma umbali wa matundu ya skrubu, inaandikwa VESA, mfano 200 kwa 200, ndo ununue braketi inayoendana. Tofali za bloku zenye uwazi ndani tafuta bolti ndefu na mtu mwenye drili, usipigilie misumari.

Kuisafirisha, TV isimame wima kwenye boksi lake. Usiilaze chali kwenye siti ya bajaji na usikubali kuipakata kwenye bodaboda, kioo kinapasuka kwa ndani boksi likiwa zima kabisa na duka halitakuelewa. Kivukoni shuka nayo wewe mwenyewe, mwache wife abebe sabufa.

---

KibadaMpya

Sabufa bado sijamwambia.